Chumvi yenye madini joto Bagamoyo: maswali ya wavuna chumvi, wenye maduka na wapishi

Maswali haya yanatujia sisi tunaofanya utafiti wa chumvi Bagamoyo, kutoka pande tatu ambazo ni nadra kukaa pamoja: wenye majaruba ya chumvi (vile vibwawa vya kuanikia maji ya bahari), wanaoiuza, na wanaoitia chunguni. Kila upande una hakika kasoro iko kwa mwingine. Mvuna chumvi atakwambia wapishi hawajui kuitunza, mpishi atakwambia chumvi ya siku hizi ina mchanga, na mwenye duka yeye anauza alicholetewa. Soma pale panapokuhusu, ingawa mwenye majaruba tungemwomba asome na habari za jikoni pia.

Huu ni utafiti wa uhandisi, wa biashara au wa afya?

Wa vyote vitatu kwa mpigo. Chumvi inaweza kutoka shambani ikiwa na madini joto (ndiyo iodini hiyo) ya kutosha kabisa, ikafika mezani haina kitu. Mengine yamepotea kwenye salfeti iliyonyeshewa njiani, mengine kwenye ndoo ya dukani iliyo wazi, mengine jikoni. Mhandisi akipima shambani tu ataandika kwamba kazi imefaulu. Mtu wa afya akipima jikoni tu ataandika kwamba jamii haina elimu. Sisi tunafuata salfeti ileile kutoka jarubani hadi chunguni, na kupima kila inapopokelewa na mtu mwingine.

Sisi ni watu wa pwani na chumvi yetu imetoka baharini. Madini joto si yamo tayari?

Hili huulizwa kuliko yote, na ni swali zuri, kwa hiyo tulijibu kwa hesabu.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina. Kati ya hizo, kama gramu 27 ndiyo chumvi tunayokula. Iodini iliyomo katika lita hiyohiyo ni kama maikrogramu 60, yaani hata sehemu moja ya kumi ya miligramu haifiki. Sasa chukua lita 1,000 uzianike mpaka zikauke: utapata chumvi kama kilo 27 na iodini miligramu 60. Hata tuseme iodini yote imebaki kwenye chumvi, kila kilo itapata miligramu 2 na ushee. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka chumvi iliyoko nyumbani kwa mtu iwe na angalau miligramu 15 katika kila kilo. Na wala haibaki yote, maana sehemu yake huondoka na yale maji machungu yanayomwagwa baada ya kuvuna.

Kwa hiyo chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu ni chumvi tupu, iwe ya Bagamoyo, ya Kilwa au ya Mkinga.

Basi samaki. Tunakula samaki kila siku.

Samaki wa baharini wana iodini kweli, na dagaa na kamba pia. Lakini si kila nyumba ya pwani inakula samaki kila siku, na wanaokula hawali kwa kipimo kinachofanana. Mwenye chombo hula changu, jirani yake hula mchicha na muhogo wiki nzima.

Ushahidi upo karibu, hapo ng'ambo tu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule Zanzibar, matokeo yake yakachapishwa 2006, ulikuta uvimbe wa tezi la shingo, yaani rovu, kwa asilimia 21.3 ya watoto Unguja na asilimia 32 Pemba. Visiwa, bahari pande zote, na wavuvi kila kijiji. Pemba wakati huo ni asilimia 1 tu ya kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto ya kutosha, na Unguja zilikuwa kama asilimia 64. Tangu hapo hoja ya samaki imekuwa ngumu kuitetea.

Watu wa bara walilijua tatizo mapema zaidi kwa sababu lilikuwa linaonekana kwa macho. Katika nyanda za juu kusini rovu lilikuwa jambo la kawaida, na kuanzia 1986 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo sheria ilipotaka chumvi yote ya kula iwekwe madini joto. Uchunguzi wa taifa wa 2004 ukakuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi asilimia 6.9, na kaya zenye chumvi iliyowekwa madini joto zikiwa asilimia 83.6. Ni kazi kubwa hiyo, ya kujivunia. Ila wastani wa nchi huficha mambo, na wilaya nyingi zilizobaki nyuma ni zile zenye chumvi yao wenyewe mlangoni. Wa Mbeya hununua pakiti iliyotoka kiwandani kwa sababu hana jingine, na wa pwani hununua kwa kopo kutoka kwa jirani mwenye majaruba.

Mtu akikosa madini joto anapata nini?

Tezi la shingo linayahitaji kutengeneza homoni zinazosimamia ukuaji na joto la mwili. Yakikosekana, tezi huvimba likijaribu kufidia. Hilo ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ndilo baya: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa na ubongo ambao haukukua sawasawa, na hapo hakuna dawa ya kurudisha. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Nina majaruba machache na vibarua wawili. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maji, dawa itafuata.

Wengi hudhani kuweka madini joto ni kununua dawa na kupuliza. Ukipulizia dawa chumvi chafu yenye unyevu, umeitupa. Kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Maji huingia bwawa la kwanza wakati wa bamvua, na yakiwa mabichi husoma digrii 3 na nusu hivi kwenye kipimo cha Baumé, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Jua na upepo vikishayapunguza, chokaa hutangulia kutua, kisha jasi. Chumvi yenyewe huanza kuganda maji yakikaribia digrii 25 au 26, wakati huo yamebaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Ukiyaingiza kwenye jaruba la kuvunia mapema mno, jasi itatua humohumo pamoja na chumvi. Ukichelewa kuyamwaga, yakapita digrii 29 au 30, unaanza kuvuna na chumvi za magnesiamu. Hizo ndizo zinazoleta uchungu, na ndizo zinazoifanya chumvi itoe jasho hata siku ya jua kali.

Kijiti hicho ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote tutakavyovitaja hapa, na wengi hawana. Wanatazama rangi ya maji na kuonja. Wazee wa kazi hupatia kwa uzoefu, hatubishi, lakini kibarua mpya hawezi kuurithi ulimi wa mzee.

Ukishavuna, osha. Usioshe kwa maji baridi ya kisima, yatakuyeyushia mavuno. Osha kwa maji ya chumvi yaliyokwishakolea, yale ya digrii 25, kwa sababu hayana nafasi ya kuyeyusha chumvi zaidi: hubeba tope na uchungu, na chumvi ikabaki. Kisha ilundike chini ya paa, kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko, ichuje siku moja au mbili. Hapo ndipo inapokuwa tayari kupokea dawa.

Kuna sababu nyingine ya kuosha ambayo tunaitilia mkazo kuliko hizo. Mpishi akipewa chumvi yenye mchanga, huisuuza. Nani asingesuuza? Na madini joto yamekaa juu ya punje, hayakuingia ndani, kwa hiyo suuzo moja huondoka nayo. Unaweza kumhubiria mama huyo mwaka mzima kwamba asisuuze, naye ataendelea, na yuko sahihi, maana hawezi kuwapa wanawe mchanga. Tabia hiyo ya jikoni imeanzia jarubani, na inatibika hukohuko jarubani. Ndiyo maana hatuanzi na mabango.

Dawa inawekwa kiasi gani?

Dawa ni potasiamu iodeti. Uzito wake, asilimia 59.3 ni iodini. Kwa nchi ambayo mtu hula chumvi gramu 5 kwa siku, WHO inapendekeza miligramu 39 za iodini kwa kila kilo ya chumvi, na hapo wamekwishaacha nafasi ya inayopotea njiani. Tukifanya miligramu 40, tani moja inahitaji gramu 67.5 za dawa. Hiki ni kielelezo cha hesabu tu: kipimo cha kufuata kisheria ni kile kilichomo katika kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kinachotumika sasa, na wao ndio wa kukupa.

Kwa vitendo: yeyusha gramu 67.5 katika lita 4 za maji safi. Salfeti moja ya kilo 50 inapata mililita 200 za maji hayo. Mwaga chumvi kwenye turubai safi ienee kwa kina kidogo, pulizia kwa bomba la mgongoni nusu ya kipimo, geuza kwa sepetu ya mbao au plastiki, malizia nusu iliyobaki, geuza tena mpaka mkono uchoke. Bomba liwe jipya. Lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halifai hata ulisuuze mara ngapi. Fanyia kazi kivulini, funga mara ikikauka, na ndani ya salfeti uwe na mfuko wa nailoni.

Dawa yenyewe ikiwa kavu huchochea moto, kwa hiyo isikae karibu na petroli wala makaratasi, na ifungiwe mbali na watoto. Mpimaji avae glavu na barakoa.

Kwa nini nisinyunyize unga wake kwa mkono nikachanganya? Naokoa bomba.

Kwa sababu dawa ya salfeti nzima ni gramu 3.4, haifiki kijiko cha chai. Kuisambaza kavu katika kilo 50 za mawe ya chumvi haiwezekani. Kopo moja litabeba dawa yote na makopo mengine hayatakuwa na kitu.

Na kopo lililobeba yote nalo ni tatizo. Zimbabwe ilipoanza kutumia chumvi yenye madini joto mwanzoni mwa miaka ya 1990, hospitali ziliona ongezeko la wagonjwa ambao tezi lilikuwa linafanya kazi kupita kiasi, zaidi watu wazima waliokuwa na uvimbe wa siku nyingi. Nchi haikuacha kutumia chumvi hiyo, na haikupaswa kuacha, lakini wahandisi walipata funzo: kuchanganya sawasawa ni suala la usalama wa mlaji. Ndiyo maana tunachota sampuli juu, katikati na chini ya salfeti, na tunajali tofauti kati ya sampuli hizo kama tunavyojali wastani wake.

Mashine ya kuchanganyia zege inafaa?

Inachanganya vizuri. Chuma chake hakitakaa, chumvi itakila.

Kwa nini mnaita hii biashara ya kijamii? Si mtupe mashine, tuendelee?

Mashine zilishatolewa. Miaka ya 1990 UNICEF ilisaidia nchi kwa mashine na dawa, na bila msaada ule tusingefika kwenye takwimu za 2004. Lakini mashine ya msaada ikiharibika hubaki ikimsubiri aliyeileta. Mwenye salfeti zake hamsini hawezi kusubiri, mteja yupo barabarani na gari linanguruma.

Shida ya biashara hii ni kwamba madini joto hayaonekani, hayanuki, na kwa kipimo sahihi hayana ladha. Mvunaji mwaminifu anaingia gharama, asiyeweka kitu anauza bei ileile, na mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha. Hapo uaminifu unakuwa hasara. Mvunaji mmoja mmoja hawezi kuuvunja mzunguko huo hata awe na moyo gani.

Kikundi kinaweza. Tazama hesabu ya dawa: kilo moja inatosha tani 14 na zaidi, salfeti karibu 300. Kwa kawaida dawa huja katika mapipa ya kilo 25, na malighafi yake, iodini, huchimbwa zaidi Chile na Japani, kwa hiyo inanunuliwa kwa fedha za kigeni na kwa wingi. Mwenye majaruba mawili akinunua pipa ataliacha kama urithi. Vikundi kumi wakiwa na kituo kimoja cha kuoshea, kupulizia na kufungashia, kila mtu akalipa kwa salfeti, pipa linaisha, fundi analipwa, na dawa ya msimu ujao inanunuliwa kwa fedha hizohizo. Faida ikizidi inarudi kazini au kwa wanachama, kadiri katiba yao inavyosema. Hicho ndicho tunachokiita biashara ya kijamii, na sehemu ngumu ndani yake ni kumpata mtunza hazina.

Maoni yetu, na si wote kwenye timu wanaokubaliana nayo: kituo kisitegemee ada ya kupulizia peke yake. Gharama ya dawa kwa salfeti ni ndogo sana ukilinganisha na vibarua, vifungashio na usafiri, na hakuna mvunaji atakayeona raha kulipia kitu asichokiona. Kinacholipa ni chumvi nyeupe, safi, kavu, iliyofungwa kwa pakiti za nusu kilo. Mteja anaipenda kwa weupe wake na madini joto yanapanda humo bure.

Sisi ni kikundi cha kina mama. Mtaji tutautoa wapi?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ukarejea mwaka uliofuata. Mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kwa mashine ndogo na mafunzo ya ufungashaji, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndio wazoefu.

Jambo moja kabla hamjajaza fomu. Msimu wa chumvi husimama wakati wa masika, na marejesho ya mkopo hayasimami. Pangeni tarehe za kulipa zifuate kiangazi, au wekeni akiba ya chumvi ghalani ya kuuza Aprili na Mei, wakati bei huwa imepanda.

Leseni?

Chumvi ni madini kisheria, kwa hiyo uvunaji unahitaji leseni ya Tume ya Madini. Kwa wengi wenu ni ile ya uchimbaji mdogo. Ubora wa chumvi ya kula uko chini ya TBS, na tangu 2019 ndio wanaoshughulikia pia masuala ya chakula yaliyokuwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Nataka kufungua majaruba mapya kwenye mikoko. Mtanisaidia?

Hapana. Mikoko ni msitu wa hifadhi na mwenye kauli ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na hata kama ingekuwa ruhusa tusingekushauri, kwa sababu majaruba mengi yaliyopo yanaweza kutoa chumvi nzuri zaidi kwa kupanga mabwawa upya na kutumia kipimo cha Baumé. Kwa wanaochemsha maji ya chumvi kwa kuni za mikoko jibu ni lilelile, na jua la kiangazi cha Bagamoyo halilipiwi.

Mimi nina duka tu. Nina lawama gani?

Huna lawama, una unyevu. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, yaliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, yaliweka chumvi kutoka nchi mbalimbali kwenye hali ya joto na unyevu mkubwa, na upotevu wa iodini ulikuwa kati ya asilimia 30 na 98. Tofauti ililetwa kwa sehemu kubwa na usafi wa chumvi na aina ya mfuko. Hali ya hewa yetu unaijua mwenyewe.

Weka salfeti juu ya mbao, usiiweke sakafuni. Ukiifungua, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiipange nje juani eti wateja waione. Na ikiwa unauza aina mbili, ya kula na ya kukaushia ng'onda, usitumie kopo moja kuchotea.

Hiyo ya ng'onda na ya mifugo nayo lazima iwekwe?

Mifugo nayo hupata maradhi ya tezi, kwa hiyo ya mifugo iwekwe. Ya kukaushia papa na ng'onda tunaijadili na wavunaji kila mara, maana ndio mlango wa kutokea: salfeti inaandikwa "ya samaki", inauzwa rahisi, na jioni imo kwenye mchuzi. Rahisi ni kupulizia yote na kumaliza mjadala.

Jikoni je? Niitie chumvi wakati gani?

Mwishoni. Mchuzi wa nazi ukishaweka tui zito na ukakaribia kuepua, ndipo utie. Iodeti inastahimili moto kiasi, lakini kuichemsha saa nzima na maharage ni kuipunguza bila sababu. Mkebe uwe na mfuniko, uwe mbali na mvuke wa jiko, na kijiko kiwe kikavu. Usisuuze chumvi iliyo safi. Ikiwa ni chafu kiasi cha kulazimika kusuuza, irudishe dukani na useme kwa nini. Mwenye duka akiambiwa na watatu atamwambia mvunaji.

Chumvi ya mawe unayoweka kwa ajili ya kuondoa husda haituhusu. Iweke mbali na jiko tu isije ikachanganyika.

Mbona mnataka kuona mkebe wangu? Nimeshawajibu kwamba natumia ya madini joto.

Usichukie, dada. Kila mtu hujibu hivyo, kwa sababu ndilo jibu jema, na kwa sababu wengi wanaamini hivyo kwa dhati: pakiti imeandikwa. Sisi tunapima chumvi, hatukupimi wewe. Tone moja la dawa ya kupimia, yenye wanga ndani yake, juu ya kijiko cha chumvi, ikigeuka buluu au zambarau, madini yamo. Kipimo hicho huonyesha kama yamo au hayamo, na rangi isikudanganye kuhusu kiasi. Kujua kiasi lazima sampuli iende maabara.

Wanaopiga hodi ni wanawake wenzako, na hawapiti uani bila kukaribishwa. Hatutangulizi siku ya kufika kwa sababu inayoeleweka: ikijulikana tunakuja Jumatano, Jumanne pakiti zitauzwa mtaa mzima. Idhini yako tunaiomba kwanza, tarehe ndiyo tunayoificha.

Mtatutoa damu?

Hapana. Bagamoyo imezoea utafiti, Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapa na chanjo za malaria zimejaribiwa hapa, kwa hiyo watu wakisikia neno utafiti hukunja mkono wa shati. Sisi tukihitaji kitu kutoka mwilini ni mkojo kidogo wa watoto wa shule, kwa ruhusa ya wazazi. Zaidi ya asilimia 90 ya iodini tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Kwa kundi la watoto, kiwango cha kati kikiwa maikrogramu 100 hadi 199 kwa lita, hali ni nzuri. Lakini mkojo wa mtoto mmoja haumwambii mzazi wake kitu, maana hubadilika siku hadi siku. Ndiyo sababu hatutoi majibu ya mtoto mmoja mmoja, na wazazi hulalamika kwa hilo kila mara.

Mtaa wa pili wamepewa mikebe yenye mifuniko, sisi hatujapewa. Kuna upendeleo?

Kuna kura, na ilipigwa mbele ya wenyeviti wa mitaa. Tukiwapa wote siku moja hatutajua kama mabadiliko yameletwa na mkebe, na bei iliyoshuka, au na mvua iliyochelewa. Wa kura ya pili watapata baadaye, na mkebe uleule.

Ni kweli hupunguza nguvu za kiume? Nimesikia baraza la kahawa.

Si kweli. Upungufu wa iodini ndio unaoweza kuvuruga uzazi.

Daktari kaniambia nina presha, nipunguze chumvi. Nyie mnasema nitumie. Nimsikilize nani?

Daktari. Hatujawahi kusema mtu aongeze chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na wengi tunavuka hapo kwa kachumbari na embe mbichi tu. Ushauri wetu ni kwamba ile kidogo utakayokula iwe na madini joto. Watu wakipunguza chumvi, kinachobadilika ni kipimo cha dawa kiwandani: kwa nchi ya gramu 4 kwa siku, WHO inapandisha hadi miligramu 49 kwa kilo. Kazi hiyo ni ya mamlaka na wahandisi, mgonjwa asibebeshwe.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya utafiti kama huu. Nifanyeje?

Chagua mnyororo mfupi. Wanafunzi wengi huja na dodoso la maswali mengi kuhusu "uelewa wa jamii", na hugundua kwamba jamii inaelewa. Afadhali uchukue mvunaji mmoja, maduka matatu anayoyauzia, na kaya zinazonunua hapo, upime chumvi ileile kwa wiki kadhaa. Utajifunza hesabu za unyevu, bei na tabia kwa pamoja.

Ukigusa watu, hata kwa kuwahoji tu, unahitaji kibali cha maadili: kamati ya chuo chako, au ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa utafiti wa afya wa ngazi ya taifa. Asiye raia wa Tanzania anapitia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kisha barua ya halmashauri, ya kata, na ya mtaa, kwa mpangilio huo. Ukianza na mtaa utarudishwa juu.

Chupa ya matone ya kupimia imepita tarehe. Bado inafanya kazi?

Ijaribu kwa pakiti mpya ya kiwandani ambayo una hakika ina madini joto. Isipotoa rangi, itupe, na matokeo yote uliyopata nayo tangu ipite tarehe uyafute.